Et al. ya Kolwezi: Majina ya Ukanda wa Shaba katika Marejeo ya Kitabibu

Mwaka 2009 jarida la Environmental Research, juzuu ya 109, lilichapisha utafiti uliopima madini katika mkojo wa watu 351 wa Katanga. Wale walioishi chini ya kilomita tatu kutoka mgodini au kwenye kiwanda cha kuyeyushia madini walikutwa na kobalti kwa kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Mwandishi wa kwanza alikuwa mtaalamu wa sumu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Célestin Banza Lubaba Nkulu.

Anayetaka kuurejelea utafiti huo katika jarida la kitabibu lenye kufuata mtindo wa Vancouver ataandika hivi: Banza CL, Nawrot TS, Haufroid V, Decrée S, De Putter T, Smolders E, et al. Kisha kichwa cha makala, kisha Environ Res. 2009;109(6):745-52. Waandishi walikuwa kumi na mmoja. Kanuni inasema sita waonekane na wanaobaki waingie ndani ya "et al.", yaani "na wenzake". Waliobaki ni Kabyla, Luboya, Ilunga, Mutombo na Nemery, na wanne wa kwanza kati yao ni Wakongo. Hata jina lililotangulia halikupita salama: kwa kuwa herufi za mwanzo haziruhusiwi kuzidi mbili, Nkulu imeachwa njiani.

Hakuna aliyekaa na kupanga njama ya kuwafuta watu hao. Kanuni ilitungwa mbali, kwa sababu za haki kabisa, na watu waliotaka kumpunguzia mwandishi kazi. Lakini ushahidi wa mgonjwa wa Kolwezi unaifikia dunia kupitia mstari kama huo, na hauna njia nyingine iliyo rasmi. Daktari wa Brussels, mwanasheria wa London, mtumishi wa wizara huko Kinshasa, wote wanaanzia kwenye nambari ndogo iliyoinuliwa juu ya sentensi na kushuka hadi kwenye orodha iliyo mwishoni. Mstari ukiwa na kosa, safari inakatika hapo. Kwa hiyo nauhesabu upangaji wa marejeo kuwa sehemu ya utafiti wenyewe, sawa na kupima na kuhesabu, na historia yake katika bonde la Lualaba inastahili kusimuliwa.

Historia hiyo inaanza kabla ya kanuni yoyote. Mwaka 1903 Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Liverpool kilituma madaktari kwenda Kongo kuchunguza malale. Wawili kati yao, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walifika Kasongo, karibu na mto Lualaba, katika nchi ambayo tayari ilikuwa ikisema Kiswahili kutokana na misafara ya biashara kutoka pwani. Njiani walikuwa wamethibitisha kwamba homa ya papasi huenezwa na papasi wenyewe wanaojificha katika nyufa za nyumba. Ugonjwa huo uliwapata wote wawili, na Dutton akafa nao hukohuko Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Ripoti yao ilichapishwa mwaka uleule miongoni mwa maandiko ya chuo cha Liverpool, na kijidudu kikaja kuitwa duttonii. Kwa namna hiyo Dutton anarejelewa hata na mtu ambaye hajawahi kuisoma ripoti yake. Wenyeji waliotoa damu zao na kuwaongoza madaktari hao katika nyumba zenye papasi hawamo kwenye ukurasa wa jina.

Miaka michache baadaye ulikuja msafara wa kisayansi wa Katanga, wa Oktoba 1910 hadi Septemba 1912. Ripoti yake ilitoka Brussels mwaka 1913 ikiwa na majina manne: Rodhain, Pons, Vandenbranden na Bequaert. Wakati huo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imekwisha kuanza kuyeyusha shaba, na kambi zake zilikuwa zikijaa wafanyakazi waliokufa kwa nimonia, homa ya matumbo na kuhara. Mwaka 1923 madaktari wawili waliolijua vizuri eneo hilo, Pearson na Mouchet, walichapisha London kitabu kuhusu usafi wa kambi za wafanyakazi Waafrika, kilichotokana na miaka kumi na minane ya kazi ya Wazungu huko Katanga. Ni kitabu ambacho mtafiti wa leo wa afya migodini hana budi kukitaja, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu kitabu hakina juzuu wala toleo kama jarida. Kina mji wa uchapishaji, mchapishaji na mwaka, na kila kimoja kina mahali pake na alama yake: mji, nukta mbili, mchapishaji, nuktamkato, mwaka.

Kila jarida la zama zile lilikuwa na desturi yake. Moja liliweka maelezo chini ya ukurasa, jingine mwishoni. Moja lilifupisha majina ya majarida kwa maneno mawili, jingine kwa manne. Annales de la Société belge de médecine tropicale, jarida lililoanzishwa mwaka 1920 na lililobeba sehemu kubwa ya utabibu wa Kongo kwa miongo kadhaa, linaweza kuonekana katika vitabu vya zamani kwa vifupisho ambavyo mgeni asingejua kwamba vinahusu kitu kimoja. Mwaka 1996 jarida hilo liliungana na mengine na kuwa Tropical Medicine and International Health, na kuanzia hapo anayelitafuta kwa jina lake la kale katika rafu za majarida mapya halioni.

Marekani na Ulaya zilikuwa zimekwisha kuliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1879 John Shaw Billings, mkuu wa maktaba ya tiba ya jeshi la Marekani mjini Washington, alianzisha pamoja na Robert Fletcher kitabu cha fahirisi kilichoitwa Index Medicus, ili kila makala ya tiba ipate mahali pa kuandikwa na kutafutwa. Maktaba ile ndiyo iliyokuja kuwa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na vifupisho vya majina ya majarida tunavyoviandika leo, kama vile Environ Res au Ann Soc Belg Med Trop, vimetoka katika ukoo huo. Miaka miwili baada ya Billings, mtaalamu wa wanyama wa Harvard, Edward Laurens Mark, alichapisha utafiti wa mayai ya konokono asiye na gamba, na ndani yake akaweka jina la mwandishi na mwaka katika mabano badala ya nambari. Hivyo zikazaliwa jamaa mbili za urejeleaji. Wanasayansi wa jamii na wanabiolojia wengi walifuata jina na mwaka. Madaktari walio wengi walichagua nambari, kwa sababu nambari haikati usomaji na haili nafasi.

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya kundi la magharibi la migodi ya Union Minière. Mji ulijengwa kwa mpango wa kampuni, pamoja na kambi, shule na hospitali zake, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi iliyowaunganisha Waluba, Walunda, Wachokwe na wengi waliotoka mbali zaidi. Chuo Kikuu kilifunguliwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Kwa miaka yote ya kampuni, wauguzi na wasaidizi Wakongo ndio waliojaza kadi za wagonjwa ambazo madaktari walizigeuza kuwa makala. Sina haja ya kurefusha hapo. Mambo yanayotuhusu zaidi yalitokea kuanzia 1971.

Oktoba mwaka huo Mobutu aliibadili Kongo kuwa Zaire. Katanga ikawa Shaba. Mapema 1972 raia waliamriwa kuacha majina ya ubatizo na kubaki na majina ya asili, naye rais akatoa mfano kwa kuacha Joseph-Désiré na kuwa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Daktari aliyeitwa kwa jina la Kikristo na la baba yake alijikuta na majina mawili au matatu ya nyumbani, yote mazito sawasawa. Katika ukanda wa shaba jina kama Ilunga, Banza au Mutombo hapewi mtu ili kuonyesha ukoo. Hupewa kwa heshima ya babu, rafiki au tukio, na mtoto anaweza asiwe na jina hata moja la baba yake. Fomu za Kongo zilijitengenezea utaratibu wa mafungu matatu, nom, postnom na prénom, na hadi leo kitambulisho kinafuata mafungu hayo. Mtanzania au Mzanzibari mwenye jina lake, la baba na la babu ataelewa mara moja: jina la mwisho kwenye mstari si lazima liwe jina ambalo mtu anaitwa.

Sasa itazame tarehe. Januari 1978 wahariri wachache wa majarida makubwa ya tiba ya Kiingereza walikutana Vancouver, Kanada. Miongoni mwa waliouongoza mwendo huo walikuwa Edward Huth wa Annals of Internal Medicine na Stephen Lock wa British Medical Journal. Shida yao ilikuwa ya kweli na ya kila siku. Makala iliyokataliwa na jarida moja ilibidi ipigwe chapa upya yote ili ifuate mtindo wa jarida la pili, na kwa mashine ya kupigia chapa hiyo ilikuwa kazi ya siku nyingi. Wakakubaliana kwamba makala ikiandikwa kwa mtindo mmoja, majarida yao yote yataipokea. Kanuni zao zilichapishwa 1979, na muundo wa marejeo walipewa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Kundi lile ndilo lililokua na kuwa Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba.

Mwaka huohuo, tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji waliotoka Angola waliingia Kolwezi. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa waliteremka mjini. Mamia ya watu waliuawa. Na mwaka huohuo Bulletin ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha ripoti ya mlipuko wa Ebola uliotokea Yambuku mwaka 1976, ripoti ambayo mwandishi wake, kwa kanuni za urejeleaji, ni tume ya kimataifa. Mwandishi akiwa tume, hakuna jina la mtu yeyote linaloingia kwenye mstari. Mambo haya matatu hayakujuana, lakini yote yanaeleza ulimwengu ambamo daktari wa Zaire alianza kuchapisha: kanuni za Vancouver zinamtaka mwandishi aanze na jina la ukoo, kisha herufi za mwanzo za majina mengine. Yeye hana jina la ukoo kwa maana hiyo, na serikali imemnyima lile ambalo lingeweza kufupishwa.

Matokeo yake yanaonekana wazi katika makala za mwanzo za UKIMWI, za tafiti zilizofanyika Kinshasa lakini zilizoweka kielelezo kwa nchi nzima. Daktari wa moyo Kapita Bila Minlangu wa Hospitali ya Mama Yemo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuutambua ugonjwa huo wodini. Katika Lancet ya 1984, kwenye makala iliyoongozwa na Peter Piot, ametajwa kuwa Minlangu KB. Katika JAMA ya 1986, kwenye makala iliyoongozwa na Jonathan Mann, mtu yuleyule ni Bila K. Katika orodha hiyo ya 1986 yumo pia Tamfum M, ambaye dunia nzima leo inamjua kuwa Jean-Jacques Muyembe Tamfum, daktari aliyechukua damu ya wagonjwa Yambuku mwaka 1976. Miaka ya baadaye makala zake zinamtaja kuwa Muyembe-Tamfum JJ. Mashine inayohesabu kazi za mtu kwa kufuata jina inaona watu wawili pale alipo mmoja. Mwanafunzi anayetafuta kazi za Kapita Bila atapata nusu yake, naye hatajua kwamba nusu nyingine ipo.

Kikomo kingine kiliwekwa na kanzidata ya makala za tiba. Kati ya 1984 na 1995, MEDLINE ilirekodi waandishi kumi tu kwa kila makala, halafu ikaweka "et al." Sababu ilikuwa nafasi kwenye kompyuta na kwenye karatasi. Kikomo kiliongezwa hadi ishirini na watano mwaka 1996, na mwaka 2000 kikaondolewa kabisa. Lakini makala za miaka ile, miaka ya utafiti mkubwa kabisa wa UKIMWI nchini Zaire, ziliandikwa na makundi makubwa, na mara nyingi watu wa mwishomwisho wa orodha walikuwa wenyeji.

Baada ya hapo Kolwezi iliingia katika kipindi ambacho hata kufikiria jarida kulikuwa anasa. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, uliokuwa karibu tani 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 ulipofika 1994. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, nao walikuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi wa kampuni. Mishahara ikakoma, hospitali za kampuni zikabaki bila dawa, na maktaba za chuo zikakosa majarida mapya. Kutoka hapo ndipo walipotokea wachimbaji wadogo kwa maelfu, wenye sururu na magunia, katika mashimo ambayo kampuni ilikuwa imeyaacha, na hao ndio ambao mkojo na damu zao zingekuja kupimwa.

Juni 1997 PubMed, njia ya kuitafuta MEDLINE mtandaoni, ilifunguliwa bure kwa kila mtu mwenye intaneti. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walizindua HINARI, ambayo iliziwezesha taasisi za nchi maskini, Kongo ikiwamo, kusoma majarida ya tiba bila malipo. Pan African Medical Journal, lililoanza mwaka 2008, likafungua mlango mwingine: madaktari wa Lubumbashi wamechapisha humo makala nyingi kwa Kifaransa, lugha waliyosomea. Ghafla mtu aliyekuwa akinukuu vitabu vya miaka ya sabini kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa rafuni aliweza kunukuu makala ya mwezi uliopita. Ndipo nidhamu ya marejeo ilipoacha kuwa jambo la wachache.

Utafiti wa Kasulo ndio mfano ulio bora kabisa. Kasulo ni mtaa wa Kolwezi ambao kuanzia 2014, baada ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba, wakazi walichimba ndani ya viwanja na hata ndani ya vyumba vyao. Banza Lubaba Nkulu na wenzake kumi na wawili walipima wakazi 72 wa mtaa huo, 32 kati yao wakiwa watoto, na kuwalinganisha na watu 25 wa mtaa wa jirani. Kobalti katika mkojo na damu ya watu wa Kasulo ilikuwa juu mno, na kwa watoto kulikuwa na dalili za uharibifu wa DNA. Makala ilitoka Nature Sustainability mwaka 2018, na safari hii mwandishi ameandikwa Banza Lubaba Nkulu C, majina matatu yakiwa pamoja. Mwenzake aliyekuwa Luboya ON mwaka 2009 sasa ni Luboya Numbi O. Hawa ni watu waliojifunza mahali kisu kinapokata, wakasogeza mkono.

Mtazame mwenzao mwingine, Kayembe-Kitenge T. Ameweka kistari kati ya majina yake mawili, na kwa kistari hicho hakuna programu itakayoyatenganisha. Kanuni za Maktaba ya Taifa ya Tiba zinatambua tangu zamani kwamba "De" ya De Putter na "Van" ya Van Brusselen ni sehemu ya jina na haziwezi kugeuzwa herufi. Mbelgiji analindwa na kanuni iliyoandikwa. Mkongo amelazimika kujilinda mwenyewe kwa kistari, na nafikiri amefanya vema.

Makala hiyo moja ya Kasulo huvaa sura tofauti katika kila jarida. Katika mtindo wa majarida ya Nature, waandishi wakizidi watano anabaki mmoja tu, kwa hiyo kumi na watatu wanakuwa Banza Lubaba Nkulu, C. et al. Katika Lancet, wakiwa saba au zaidi wanabaki watatu, na wawili kati ya hao watatu ni wa Ulaya. Katika Vancouver ya kawaida wanabaki sita, na wa sita ni Kayembe-Kitenge, ukingoni kabisa mwa orodha. Mpangilio wa majina nao una uzito wake. Katika utafiti wa Lubumbashi juu ya uchimbaji na watoto waliozaliwa na kasoro, uliochapishwa katika Lancet Planetary Health mwaka 2020, wa kwanza ni Mbelgiji, Van Brusselen, lakini wa pili hadi wa sita wote ni Wakongo. Sita wakiandikwa, Kongo inaonekana vizuri. Wakiandikwa watatu, bado wawili wamo. Nani akae wapi ni jambo linaloamuliwa mezani kabla makala haijatumwa, na watafiti wa Kongo wanapaswa kulizungumza mapema na bila haya.

Makala hiyo ya 2020 ina mtego mdogo ambao nimeona ukiwanasa wengi: kurasa zake ni e158-67. Herufi "e" inaonyesha ukurasa wa kielektroniki. Mwanafunzi mwangalifu huidhani ni kosa la kuchapa, akaifuta, na msomaji anatafuta ukurasa wa 158 ambao haupo.

Mtego mkubwa zaidi umo ndani ya maudhui. Utafiti ule ulilinganisha watoto wachanga 138 wenye kasoro zinazoonekana na wengine 108 wasio nazo. Ulikuta kwamba uwezekano wa kasoro ulikuwa mkubwa mara 5.5 kwa mtoto ambaye baba yake alifanya kazi inayohusiana na migodi, lakini mipaka ya makadirio hayo ilikuwa mipana, kuanzia 1.2 hadi 25.0. Anayeandika kwamba utafiti huo umethibitisha kuwa kobalti inalemaza watoto, kisha akaweka nambari ya rejeo iliyopangwa vizuri, amewadhulumu waandishi na amewapa wenye migodi nafasi ya kukanusha kila kitu. Dunia imeshaona madhara ya namna hiyo. Mwaka 1980 New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi mno ya Porter na Jick kuhusu wagonjwa wa hospitalini waliopewa dawa kali za maumivu. Uchunguzi wa 2017 katika jarida hilohilo ulionyesha kwamba barua hiyo ilikuwa imerejelewa mara 608, na wengi waliitumia kama ushahidi kwamba dawa hizo ni nadra kuleta uraibu. Amerika Kaskazini ilikuwa tayari imezika maelfu ya watu.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008, yaliyofanywa na Wager na Middleton, yalikusanya tafiti nyingi za usahihi wa marejeo katika majarida ya tiba: kiwango cha kati cha marejeo yenye makosa kilikuwa asilimia 38, na cha nukuu zisizolingana na chanzo kilikuwa asilimia 20. Hayo ni majarida yenye wahariri na fedha. Makosa hayakuanzia Kolwezi.

Kinachoikabili Kolwezi zaidi ni daraja kati ya chuo na jarida. Mwanafunzi wa tiba wa Kongo hufundishwa kuandika tasnifu kwa desturi ya Kifaransa: jina kwa herufi kubwa, maelezo chini ya ukurasa, "ibid." na "op. cit." kila mahali, na orodha ya mwisho iliyopangwa kwa alfabeti. Mara nyingi kazi hupigwa chapa katika duka la sekretari karibu na chuo, umeme ukiwepo. Ukifika wakati wa kuipeleka jaridani, mpangilio wote huo unavunjwa. Alfabeti inaachwa na kila chanzo kinapata nambari kwa kufuata mahali kilipotajwa mara ya kwanza. Ukiongeza chanzo kimoja katika aya ya pili, nambari zote zinazofuata zinasogea, na asiyekuwa na programu anaanza upya kwa kalamu. Kifupisho cha jarida kinatafutwa katika katalogi ya maktaba ya Marekani, hakibuniwi. Kichwa cha makala kinabaki kilivyochapishwa hata kama ulimwengu umebadilika: makala ya 1975 inayosema Shaba na Zaire haifanywi kuwa ya Lualaba na Kongo, ingawa mkoa wa Lualaba umekuwapo tangu 2015 na mtafutaji anayeandika neno Lualaba peke yake atakosa karibu kila kitu kilichoandikwa kabla yake.

Zotero, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason, imeondoa sehemu kubwa ya mateso hayo. Inahesabu nambari yenyewe na kubadili mtindo wa Lancet kuwa wa Vancouver kwa kubofya mara moja. Lakini inaamini kile ilicholishwa. Kama kanzidata imeandika Banza kuwa jina la ukoo na Lubaba Nkulu kuwa ya kufupishwa, Zotero italirudia kosa hilo katika kila makala. Dawa ni kufungua rekodi, kulinganisha na ukurasa wa kwanza wa makala yenyewe, na kuyaweka majina jinsi mwenyewe alivyoyaandika. Kazi hiyo huchukua dakika moja kwa kila chanzo. Programu za akili bandia zilizoenea tangu mwishoni mwa 2022 zinadai uangalifu zaidi, kwa sababu zinaweza kutunga rejeo lenye majina ya Kiluba, juzuu, kurasa na nuktamkato mahali pake, la makala ambayo haijawahi kuandikwa. Umbo likiwa kamili kiasi hicho, ni kwa kufungua chanzo chenyewe tu mtu anaweza kujua.

Tangu 2012 mtafiti anaweza kujipatia bure nambari ya ORCID, tarakimu kumi na sita zinazomfuata hata jina lake likiandikwa kwa namna tano. Kwa kijana wa Kolwezi anayekaribia kuchapisha kwa mara ya kwanza, ningesema aichukue siku hiyohiyo atakayoamua jina lake la uandishi litakuwa lipi, na asilibadili tena.

Liko pia jambo ambalo vyuo vyenyewe vinaweza kulifanya. Citing Medicine, mwongozo wa Maktaba ya Taifa ya Tiba uliotolewa 2007, unaanza na kanuni ya kuorodhesha waandishi wote. Kukomea kwa watatu au sita umekuweka kama ruhusa tu, na ruhusa hiyo ilikuwa na maana zaidi wakati karatasi ilipolipiwa. Tasnifu za Lubumbashi na Kolwezi leo husomwa kama faili. Miongozo ya vyuo hivyo inaweza kudai majina yote, na jarida la Kongo linalochapisha mtandaoni linaweza kufanya vivyo hivyo bila kukiuka mtindo wowote. Makala ya Kasulo ingehitaji mistari miwili zaidi.